Gari lililofutwa usajili Ujerumani halijafa

Wengi Ujerumani bado wanaamini kwamba gari likikaa miezi 18 bila usajili, kibali chake cha kutembea barabarani kimekufa. Wapo wanaoliuza kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hiyo tu, na inauma. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2007. Sasa taarifa za gari hukaa kwenye rejista kuu miaka 7. Hata zikifutwa, karatasi za zamani zinazothibitisha aina ya gari zikiwepo, ukaguzi wa kawaida na bima vinatosha kulisajili tena. Zisipokuwepo ndipo mkaguzi analipima upya lote. Kwa hiyo ukienda kununua gari kama hilo, kabla ya kufungua boneti, omba kadi ya gari, hata ile kuukuu iliyokatwa kona. Usikubali itupwe.