Kabla hujamtobolea paka kioo cha mlango

Simu nyingi huanza hivi: "Fundi, nina paka, nataka unitobolee tundu la kumwekea kilango chake kwenye kioo cha mlango. Njoo na drili." Mimi huanza na kioo. Namwomba mwenye nyumba ainame atazame pembe za kioo, aniambie kama kuna muhuri mdogo uliochapwa juu yake. Ukiwa ni muhuri wa temperedi, yaani kioo kilichoimarishwa kwa joto, hapo hakuna fundi wa kukitoboa kikabaki kizima, hata aje na mashine gani.

Sababu ni jinsi kinavyotengenezwa. Kioo cha temperedi hukatwa kwanza kwa vipimo vyake na kutobolewa matundu yake yote, ndipo huingizwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa kwa nguvu kipoe ghafla. Ngozi ya nje inaganda mapema, ya ndani inachelewa na inajivuta ikipoa. Kwa hiyo kioo hicho kinaishi kimekaza, nje kumebanwa na ndani kunavutwa, na ndiyo maana kinahimili kishindo. Ukiipenya ngozi hiyo mahali pamoja tu, kile kilichokazwa kinaachia chote kwa mara moja. Umewahi kuona kioo cha pembeni cha gari kilichovunjwa, chenga zimejaa kwenye kiti? Ndicho hicho.

Mwaka wangu wa tatu kazini nililikuta hili nyumbani kwa mteja. Kioo hakikuwa na muhuri, na dukani walimhakikishia mwenye nyumba kwamba ni cha kawaida. Nilichora mduara, hakikusema kitu. Nilipoanza kutoboa, kililia kama baruti na kumwagika chote miguuni pangu. Mtoto wa nyumba ile alikuwa amesimama peku hatua tatu kutoka nilipo. Hakuumia, lakini sijasahau. Tangu siku hiyo sigusi kioo kisicho na muhuri kabla sijakitazama kwa miwani ya jua ya polaroidi, asubuhi au jioni, mwanga wa anga ukikipiga kwa mshazari. Cha temperedi huonyesha mabaka au mistari myeusi iliyopangika. Nikiyaona tu, tunaagiza kioo kipya kiwandani, kitobolewe kabla ya kuingia tanuri.

Kioo cha kawaida nakitoa kwenye fremu. Navuta raba, nachomoa vishikizo vya alumini, nakilaza juu ya meza yenye blanketi. Tundu huwa la duara, kwa sababu kila kona ya mraba ni mahali ufa unapoanzia. Nabandika kikombe cha kunyonya katikati, naupima mkono wenye kigurudumu cha kukatia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya mlango wa paka (vingi nilivyofunga vimetaka tundu la kama sentimita 21), natia tone la mafuta ya taa, nazungusha. Mara moja tu. Mkono ukisikia mlio laini usiokatika, kama kitambaa kinachochanwa, mstari umeingia. Ukirudia juu yake unauharibu.

Kisha nakigeuza na kukandamiza kwa dole gumba nyuma ya mstari, kidogo kidogo, huku nautazama ufa ukitembea ndani ya kioo kama uzi wa fedha mpaka unakutana na mwanzo wake. Nachora mduara mwingine mdogo ndani, katikati nachora mistari ya kupishana kama wavu, halafu nagonga, vipande vikidondoka kuanzia katikati kwenda nje. Ukingo nausugua kwa msasa wa maji mpaka kucha isikwame. Kipengo kidogo ukikiacha, mwezi ujao kimekuwa ufa.

Tundu lisikaribie ukingo wa kioo. Mimi siachi chini ya sentimita 10. Na kioo chenye unene wa chini ya milimita 5 simtobolei mtu, maana kilango kinagongwa kila siku. Skurubu za kilango nakaza kwa bisibisi ya mkono, kwa mshazari, raba yake ikishabanwa basi.

Milango ya kusukuma pembeni, ambayo nyumba nyingi za Dar sasa zinayo, ina mtego wake. Fremu ya kilango inatokeza pande zote mbili za kioo, na nafasi kati ya paneli mbili ni ndogo. Ukikiweka popote tu, paneli inagonga kilango na mlango haufunguki zaidi ya hapo. Kwa hiyo nakiweka kwenye paneli isiyosogea, upande wa ukutani, tena mbali na kitasa, mkono wa mwizi usifike.

Wenye madirisha ya luva sikati kabisa. Natoa vioo viwili au vitatu vya chini, naziba pengo kwa ubao mgumu uliopakwa rangi, kilango kinakaa kwenye ubao. Ni rahisi, na mpangaji akihama anarudisha vioo vya watu. Hata kwa mlango wa alumini, mpangaji namshauri anunue kioo kingine cha kutoboa, kile cha mwenye nyumba akifunge blanketi akihifadhi kikiwa kimesimama.

Wengine wananiuliza kama gharama yote hii inafaa kwa paka. Inafaa. Nenda ukatazame wavu wa dirisha la nyumba yenye paka asiye na mlango: umechanwa pembe ya chini, na mbu wanapita hapo usiku kucha juu ya vichwa vya watoto. Chagua kilango chenye sumaku ya kukirudisha na manyoya ya brashi ya kuziba mwanya pembeni. Na kama mtaa una mapaka shume, chukua kile kinachosoma chipu ya paka wako, kile kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi yake, la sivyo watakula naye sahani moja.

Siku za mwanzo kifunge kilango juu kwa utepe wa gundi, kibaki wazi kabisa, bakuli la samaki likae upande wa pili. Kila siku kishushe kidogo. Paka wa mama mmoja wa Mbezi alikaa siku tatu akikinusa tu. Ya nne akasukuma kwa kichwa, akapita.