Je, wajua kwa nini chai hunawiri pale pale maharagwe yanapodumaa?

Kule Kericho michai hutanda kijani kibichi mlima kwa mlima. Kando yake, maharagwe ya bustani ya nyumbani huweza kudumaa na kuwa manjano, hata kama mvua imenyesha vizuri na mbolea imetiwa. Udongo ni ule ule. Chanzo mara nyingi ni tindikali.

Tindikali ya udongo hupimwa kwa pH. Saba ni katikati. Chini ya hapo ndiko kwenye tindikali, na kila namba moja unayoshuka huiongeza mara 10. Nyanda za juu zina tindikali nyingi kwa sababu mvua huosha kalsiamu na magnesiamu na kuzizamisha mizizi isikofika. Mbolea zenye amonia, kama DAP, zikirudiwa kila msimu huzidisha hali hiyo.

Adui mkubwa hapa ni alumini. Imejaa tele katika udongo mwekundu, ila kwa kawaida imeshikamana na chembe zake wala haina madhara. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini huyeyuka na kuharibu ncha za mizizi. Ng'oa mharagwe uliodumaa uone: mizizi ni mifupi na minene, na vile vifundo vya bakteria wanaoupatia naitrojeni ni vichache mno. Isitoshe, alumini na chuma huinasa fosforasi, kwa hiyo mkulima anatia mbolea na mmea unabaki na njaa.

Mchai umeumbwa vingine. Huinyonya alumini na kuihifadhi katika majani makuukuu bila kudhurika, na hupenda pH ya 4.5 hadi 5.5. Mananasi na mihogo pia huvumilia. Kabichi, vitunguu na spinachi hutaka 6 hadi 7.

Ndiyo maana nasisitiza: pima udongo kabla ya kununua mfuko mwingine wa mbolea. Chota sehemu kadhaa za bustani, kina cha sentimita 20, changanya, kisha peleka maabara. Ikibidi kutia chokaa ya kilimo ili kupunguza tindikali, ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, maana hufanya kazi polepole. Usikisie kiasi, ikizidi, mimea hukosa chuma na zinki. Na kwenye michai usiimwage kabisa.