Chinchila nyumbani: maswali kuhusu joto, tundu, vumbi na afya ya familia

Chinchila ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, mwenye masikio makubwa na manyoya laini ajabu. Kwa Waswahili wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini, watoto humwona dukani na kuanza kumlilia. Ni mnyama wa kukaa naye muda mrefu: akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 10 hadi 20. Basi ni vyema maswali haya yaulizwe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Asili yake ni wapi, na hilo lina uhusiano gani na tundu lake?

Kwao ni milima ya Andes, Amerika Kusini, kwenye miamba mikavu yenye baridi. Manyoya yake yalimponza, akawindwa mpaka karibu aishe. Leo chinchila wa porini wako hatarini kutoweka, na Chile ina hifadhi yao maalumu karibu na mji wa Illapel, iliyoanzishwa mwaka 1983. Wengi wa wanaofugwa wametokana na kundi la chinchila 11 ambao mhandisi wa migodi, Mathias Chapman, aliwapeleka California mwaka 1923. Vizazi vingi vimepita tangu hapo, lakini mwili ni ule ule wa mlimani: unataka baridi, ukavu na mahali pa kurukia. Karibu kila kosa la utunzaji linatokana na kusahau jambo hilo.

Anavumilia joto la kiasi gani?

Dogo sana, na hapa naomba usome taratibu. Nyuzi 10 hadi 20 za Selsiasi zinamfaa. Zikipita 25 yuko hatarini, na unyevunyevu ukiwa mwingi hatari huja mapema zaidi. Kwenye kitundu kimoja cha ngozi ambapo binadamu huota unywele mmoja, miwili au mitatu, yeye huota zaidi ya 50. Tena hatoki jasho. Ndiyo maana feni peke yake haimwokoi: sisi feni hutupoza kwa kukausha jasho, yeye humpulizia hewa ya moto tu.

Weka tundu mbali na dirisha lenye jua, jiko na hita. Ndani yake weka kipande cha kigae cha marumaru. Utamkuta amekilalia tumbo mchana kutwa. Kiangazi cha Ulaya au Marekani kikichachamaa, kiyoyozi ni sehemu ya matunzo yake kama yalivyo maji ya kunywa. Na kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Maskati nasema wazi: kama huna kiyoyozi cha kuwaka usiku na mchana, na chanzo cha akiba umeme ukikatika, usimfuge. Atateseka.

Nitajuaje amezidiwa na joto?

Masikio yanakuwa mekundu na ya moto. Anajinyoosha ubavu, anahema haraka, pengine anatokwa mate, na ukimgusa hana nguvu. Mpeleke chumba chenye ubaridi, mwekee kitambaa kilicholoweshwa maji ya ubaridi wa kawaida kwenye masikio, kisha mpigie daktari wa mifugo huku mkijiandaa kutoka. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu, maana mshtuko wa baridi nao unaweza kumuua. Hata akionekana amezinduka, apimwe.

Nimepewa tundu la sungura lililotumika. Litamfaa?

Kwa kawaida, hapana. Tundu la sungura ni pana na fupi, na chinchila anaruka kwenda juu. Tena mengi yana sakafu ya plastiki: ataitafuna, na vipande vikimezwa vinaweza kuziba utumbo. Tafuta tundu la chuma lenye kimo cha mita moja au zaidi, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 2, ndogo zaidi kama kuna watoto wa chinchila.

Ndani weka rafu za mbao, ukizipanga ngazi kwa ngazi ili akiteleza asianguke kutoka juu kabisa mpaka chini. Mifupa ya miguu yake ni myembamba na huvunjika upesi. Sakafu ya waya mtupu ni mbaya: mguu unanasa, na nyayo zinatoka vidonda ambavyo kupona kwake ni kazi. Kama tayari unalo la waya, funika sakafu kwa mbao au kitambaa kizito, ukikikagua kama hakitafunwi.

Mbao ziwe za msonobari uliokaushwa vizuri au mtufaha, bila rangi wala vanishi. Mwerezi uepuke, mafuta yake yenye harufu kali humdhuru. Ongeza kibanda cha mbao cha kujificha, kwani mchana ndio usiku wake. Huchangamka magharibi na alfajiri. Gurudumu la kukimbilia liwe na kipenyo cha sentimita 38 au zaidi, na njia iwe bapa bila mianya. Ile mipira ya plastiki ya kumfungia mnyama ndani akimbie sebuleni, iacheni dukani. Ndani yake kuna joto, na hana pa kutokea.

Kwa nini anaoga vumbi badala ya maji?

Manyoya yake yamesongamana kiasi kwamba yakilowa hayakauki hadi ndani. Ngozi inapoa, na fangasi wanapata makao. Vumbi laini la mawe ya volkano, linalouzwa kwa ajili yake, hufyonza mafuta na unyevu. Mchanga wa kawaida haufai kwa sababu chembe zake ni kubwa na humkwaruza. Mimina vumbi kwenye bakuli zito, kina cha sentimita chache. Utamwona anajipindua kwa kasi, miguu juu, anasimama, anajikung'uta, anarudi tena. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, mara mbili hadi nne kwa wiki, kisha ondoa bakuli. Likibaki siku nzima atalifanya choo, na macho yake yatawasha.

Anakula nini?

Nyasi kavu, wakati wote, bila kupimiwa. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Chakula chake maalumu cha vidonge kijiko kimoja au viwili kwa siku. Zabibu kavu, karanga na mbegu, hapana, hata mtoto akikubembeleza. Maji yawe ya kubadilishwa kila siku.

Ni dalili gani zisizosubiri kesho?

Kutokula, na kukosa kinyesi. Chinchila hawezi kutapika, hivyo tumbo likisimama kufanya kazi gesi hujaa na hali huharibika ndani ya saa chache. Saa 12 bila kinyesi ni dharura. Mengine ya kumpeleka kwa daktari ni mate kulowesha kidevu, jicho kutoa machozi, au kuchagua chakula laini tu. Mara nyingi meno ndiyo yenye shida. Meno ya mbele yenye rangi ya njano inayokaribia machungwa ni mazima, kwa hiyo usishtuke.

Anaweza kutuambukiza ugonjwa?

Anaweza kuwa na choa na kumpa binadamu. Ukiona mabaka yasiyo na manyoya puani, kuzunguka macho au miguuni, mshike kwa glavu hadi daktari amwone, na mtu mwenye duara la kuwasha mwilini naye aende kituo cha afya. Kila mmoja anawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika au kusafisha tundu. Kukiwa na mwenye pumu nyumbani, tundu lisikae chumbani kwake, na bafu la vumbi lifanyike mbali naye, dirisha likiwa wazi. Kama kifua chake kinabana kila vumbi linapotimka hata baada ya hayo, mnyama atafutiwe nyumba nyingine.