Damu hasi, na mimba ambayo kadi haikuitaja

Fomu iliyokuja na tyubu ilikuwa na maneno machache: mimba ya kwanza, wiki ya 16, kundi O, Rh hasi, tafuta kingamwili. Nafanya kazi benki ya damu, na fomu za namna hii hupita mikononi mwangu kila siku. Unachanganya seramu ya mama (majimaji ya damu yasiyo na seli) na seli nyekundu ambazo kundi lake unalijua, unaziacha kwenye joto la mwili, unaziosha, unadondoshea dawa ya Coombs, inayozishikamanisha seli zilizokwisha kushikwa na kingamwili, unazungusha kwenye mashine, halafu unaitikisa tyubu taratibu mbele ya taa. Kwa kawaida ile punje nyekundu iliyokaa chini hupanda kama moshi, na maji yote yakawa mekundu. Asubuhi ile haikupanda. Ilimeguka vipande vipande, kama chenga za tofali zinazoelea majini.

Maana yake ni kwamba mwili wa mama huyu ulikwisha kukutana na damu chanya, ukaiona ni mgeni, ukatengeneza silaha dhidi yake. Karibu kila mara, mtu hupata kingamwili hiyo kwa njia mbili tu: aliwahi kuongezewa damu chanya, au aliwahi kubeba mimba ya mtoto mwenye damu chanya. Kadi ilisema mimba hii ni ya kwanza. Nitamrudia baadaye, maana bila maelezo kidogo hadithi yake haitaeleweka.

Hiyo "hasi" yenyewe ni kitu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Juu ya seli nyekundu kuna protini nyingi, na mojawapo inaitwa D. Ukiwa nayo wewe ni chanya, usipokuwa nayo wewe ni hasi. Basi. Si upungufu wa damu, si udhaifu, na haibadiliki kwa chakula wala kwa dawa. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, wenye damu hasi ni kama 15 katika kila 100. Katika jamii nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hawafiki 10, na Asia ya Mashariki hawafiki hata mmoja. Jina Rh limetoka kwa kima aina ya rhesus. Mwaka 1940 Karl Landsteiner na Alexander Wiener walieleza jinsi walivyowadunga wanyama wa maabara seli za kima huyo, kisha wakaona kuwa seramu iliyopatikana inagandisha damu ya watu wengi, kama 85 katika 100. Baadaye ikaja kujulikana kwamba walichokigusa kwa kima hakikuwa D yenyewe hasa, ila jina lilikuwa limeshazoeleka.

Mwaka mmoja kabla yao, Philip Levine na Rufus Stetson walikuwa wameandika kuhusu mwanamke wa New York aliyejifungua mtoto mfu, akaongezewa damu ya mumewe, na mwili wake ukaikataa vibaya ingawa wote wawili walikuwa kundi O. Levine alihisi kuna kitu cha baba ambacho mtoto alikirithi, na mwili wa mama ukajifunza kukipiga vita kupitia mimba. Alikuwa sahihi. Kazi yetu yote ya leo imesimama juu ya wazo hilo.

Watu husema "damu zao haziendani", na ndoa zimevunjika kwa sentensi hiyo. Damu ya mke na damu ya mume hazikutani popote. Zinazoweza kukutana ni ya mama na ya mtoto, na hata hizo zimetenganishwa na ukuta wa kondo la nyuma. Baba anaingia kwenye hesabu kwa sababu moja tu: ndiye anayeweza kumpa mtoto D ambayo mama hana. Kama baba naye ni hasi, mtoto atakuwa hasi na hakuna la kuhofia. Kama ni chanya, inategemea amerithi nini kutoka kwa wazazi wake wawili. Akiwa na nakala mbili za D, kila mtoto atakuwa chanya. Akiwa na moja, kila mimba ni nusu kwa nusu. (Kliniki nyingi humpa mama sindano ya kinga, nitakayoieleza mbele, bila hata kuuliza kundi la baba. Usichukie. Wanakwepa kuingia katika maswali ambayo maabara haina haki ya kuyauliza.)

Mimba ya kwanza kwa kawaida hupita salama, na hapo ndipo watu hupotoka. Wanasema, "Mbona nilizaa wa kwanza vizuri bila sindano?" Ulizaa vizuri kwa sababu seli nyingi za mtoto huingia kwa mama siku ile ile ya kujifungua, kondo linapobanduka. Mwili wa mama huchukua wiki kadhaa kuzitambua, na kingamwili za mwanzo ni kubwa mno, hazipenyi kondo. Kufikia hapo mtoto ameshatoka, ananyonya. Tatizo ni kwamba mwili hausahau. Mtoto wa pili mwenye damu chanya akitungwa, kiasi kidogo tu cha seli zake kinatosha kuamsha ile kumbukumbu, na safari hii kingamwili zinazotoka ni ndogo, za aina ya IgG. Kondo huzipitisha kwa makusudi, kwa kuwa ndio mlango ule ule unaompa mtoto kinga ya maradhi ambayo mama ameshayaugua. Zinafika, zinazishika seli nyekundu za mtoto, na seli hizo zinavunjwa. Mtoto anaishiwa damu. Ikizidi, moyo wake unachoka na mwili wake unavimba maji akiwa bado tumboni. Akizaliwa, ile taka ya manjano ya damu iliyovunjika, bilirubini, ambayo mama alikuwa akimsafishia kupitia kondo, sasa inamrundikia mwilini. Anaanza kuwa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, na ikiachwa ipande, inaweza kuharibu ubongo.

Si kila mama hasi anayezaa mtoto chanya hupata kingamwili hizi. Bila kinga yoyote, ni kama 16 katika 100 pale makundi ya ABO ya mama na mtoto yanapoafikiana. Mama akiwa O na mtoto A, hatari inashuka hadi kama 2 katika 100, kwa kuwa seli za mtoto zinazoingia hushambuliwa na kingamwili za kawaida za mama na kufutika kabla mwili haujapata nafasi ya kuisoma D. Wazo hilo ndilo lililozaa sindano: kama seli zikiondolewa mapema mwili haujifunzi, basi tuziondoe sisi.

Sindano hiyo, Anti-D, ni kingamwili ile ile tunayoiogopa, iliyochujwa kutoka plazma ya wachangiaji walio nayo tayari. James Harrison wa Australia alichangia zaidi ya mara 1,100, akaacha mwaka 2018 akiwa na miaka 81 kwa sababu tu ya umri. Kuna siku mama alinilalamikia kwamba anadungwa "damu ya mtu". Nilimwambia ndiyo, ya watu waliokaa na mirija mkononi miaka mingi kwa ajili ya watoto wasiowajua.

Kwa ratiba inayotumika mahali pengi, mama hasi ambaye bado hana kingamwili hudungwa wiki ya 28, kisha tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua endapo mtoto ni chanya. Sindano ya baada ya kujifungua peke yake hushusha hatari hadi mmoja au wawili katika 100. Ukiongeza ya wiki ya 28, inashuka chini ya mmoja. Haimdhuru mtoto na haizuii mimba zijazo. Ila mnapokuja kupimwa baadaye, tuambieni mlidungwa lini, kwani sindano hiyo huonekana kwenye vipimo vyetu kwa wiki kadhaa, na fundi asiyejua anaweza kudhani mwili umeanza vita.

Kuhusu saa 72, nina neno. Watafiti wa New York waliijaribu sindano hii kwa wafungwa wa kujitolea wa gereza la Sing Sing, na taratibu za gereza hazikuwaruhusu kurudi haraka. Walirudi baada ya siku tatu, sindano ikafanya kazi, na siku tatu zikaingia kwenye vitabu. Kwa hiyo 72 si ukuta. Wahi kadiri unavyoweza, lakini kama siku ya nne au ya tano imefika na hujadungwa, usirudi nyumbani ukisema muda umepita. Bado inafaa hadi siku ya 10, na miongozo mingine huruhusu hata hadi siku ya 28.

Kuna jambo moja ambalo wodi nyingi huliruka. Sindano ya kawaida ya maikrogramu 300 inatosha kufuta kama mililita 30 za damu ya mtoto. Mara nyingi kinachoingia kwa mama ni kidogo sana kuliko hapo. Lakini kondo likibanduka kabla ya wakati, au mama akipata ajali ya tumbo, kinaweza kuzidi, na hapo inabidi tuhesabu. Tunapaka damu ya mama kwenye kioo, tunaiosha kwa asidi, tunatia rangi. Himoglobini ya mtu mzima inatoka yote na ya mtoto inang'ang'ania. Ukitazama kwa hadubini unaona uwanja mzima wa vivuli vyeupe, seli za mama, na hapa moja, kule mbili, seli za mtoto zimekaa pale nyekundu za kukolea. Nimeitazama picha hiyo miaka mingi na sijaichoka. Ni mtoto anaonekana ndani ya damu ya mama yake.

Damu inaweza kuvuka wakati mwingine pia: mimba ikiharibika, mimba ikitunga nje ya mfuko wa uzazi, mama akitokwa na damu ukeni, akichomwa sindano ya kuchota maji ya uzazi, au mtoto akigeuzwa tumboni kwa mikono. Mimba ikitoka kabla ya wiki 12, wataalamu wamebadili msimamo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu utoaji wa mimba haupendekezi sindano kwa umri huo, ilhali sehemu nyingine bado huitoa. Uliza kwenu wanafuata upi. Baada ya wiki 12, usiulize kama inahitajika. Uliza itadungwa saa ngapi.

Nirudi kwa yule mama. Nilimpigia simu mkunga wa kliniki, nikamwomba amuulize akiwa peke yake, bila mume wala mama mkwe. Jibu lilikuja mchana. Miaka miwili nyuma alipoteza mimba ya miezi minne akiwa nyumbani, wiki chache kabla ya ndoa. Hakwenda hospitali na hakumwambia mtu. Mkunga alisema, "Alilia, halafu akaniuliza nani ametuambia." Hakuna aliyetuambia. Kadi huandika kile mtu anachoweza kukisema mbele ya watu, na naelewa kabisa kwa nini hakukisema.

Akishafikia hapo, Anti-D haina kazi tena. Huwezi kuuzuia mwili kujifunza ulichokwisha jifunza. Kilichobaki ni kumwangalia mtoto. Kila wiki nne, kisha kila wiki mbili, tulipunguza makali ya seramu yake kwa maji ya chumvi, nusu kwa nusu, hadi chenga zilipokoma kuonekana. Alianza na 1:4, yaani chenga zilionekana hadi seramu ilipopunguzwa mara nne. Wiki ya 26 akawa 1:16, na hapo sisi tunaacha kutegemea tyubu, kwa kuwa namba inaeleza nguvu ya mama tu, haielezi hali ya mtoto. Daktari alianza kupima kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wa mtoto kwa altrasaundi, maana damu iliyopungukiwa seli ni nyepesi na hukimbia. Kasi ikivuka mara moja na nusu ya kawaida, mtoto huongezewa damu humo humo tumboni, jambo ambalo William Liley alilifanya kwa mara ya kwanza New Zealand mwaka 1963. Huyu hakufika huko.

Alijifungua wiki ya 37. Damu ya kitovu ililetwa saa nane usiku, tyubu bado ina joto. O chanya. Niliziosha seli, nikadondoshea Coombs, nikatikisa: chenga. Mtoto alikuwa amevaa kingamwili za mama yake kila seli. Bilirubini ilipanda siku mbili, akalazwa chini ya taa za buluu, akatolewa mara kwa mara kunyonyeshwa, kwani maziwa ya mama katika hali hii hayana neno. Siku ya nne namba ilianza kushuka. Kwenye fomu ya mwisho mtu alikuwa amefuta "mimba ya kwanza" kwa mstari mmoja, na juu yake, kwa kalamu nyingine, akaandika 2.