Msanii Anapoingia Darasani: Ruhusa ya Picha Hutoka kwa Mzazi

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaweza kusomea mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na shule za Nairobi zina sababu zaidi ya kuwaita waigizaji, wachezaji ngoma na wanasarakasi waje kuendesha warsha. Ni jambo jema sana. Mtoto wa Kayole au Dagoretti anayefunzwa kupaza sauti na mtu aliyezoea jukwaa hupata ujuzi ambao kitabu peke yake hakimpi. Tatizo ni ile simu inayorekodi pembeni mwa ukumbi.

Chukua mchezo ule wa kuchangamsha mwili. Watoto wamesimama duara, kila mmoja anataja jina lake na mtaa anaoishi, kisha anaruka kwa mtindo wake. Nembo ya shule iko kwenye sweta. Video ya dakika moja ikipakiwa mtandaoni, mtu asiyejulikana ameshapata jina, sura, shule na mtaa anakorudi mtoto jioni.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka mambo mawili kwa pamoja: ruhusa ya mzazi au mlezi, na matumizi yanayolinda maslahi ya mtoto. Mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, kwa hivyo mwanafunzi wa miaka 17 hawezi kujitilia sahihi. Mwalimu mkuu naye si mzazi. Inabidi nilirudie hili, maana jibu la “shule ilituruhusu” bado linatolewa kana kwamba linamaliza mambo. Barua ya mwaliko inakufungulia lango ufundishe, basi. Wala usiseme hukuuza video. Kuitumia kutangaza kundi lako ni matumizi tosha.

Fomu itumwe nyumbani mapema, kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Iseme nani anarekodi, video itawekwa wapi, itakaa kwa muda gani, na mzazi afanye nini akibadili nia, kwani ana haki ya kuondoa ruhusa wakati wowote. Ujumbe wa simu wa mzazi unaosema wazi kwamba amekubali unaweza kutosha. Kunyamaza kwenye kundi la WhatsApp hakutoshi hata kidogo. Zihifadhi fomu hizo, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha ruhusa ni wako. Na mtoto ambaye mzazi wake amekataa asitolewe kwenye warsha. Aigize, acheze, aimbe na wenzake. Kamera ndiyo isogezwe. Miguu inayocheza, mikono juu ya ngoma na vinyago vinatosha kuonyesha kazi yako.

Baadhi ya makundi hujitetea kwamba ni madogo. Ni kweli, kanuni za 2021 haziwalazimu kujisajili kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hii, wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, isipokuwa katika sekta zilizotajwa, zikiwemo taasisi za elimu. Lakini msamaha huo ni wa usajili tu. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5, au kwa biashara, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Anayepuuza notisi ya utekelezaji, yaani agizo la Kamishna la kurekebisha kosa, anatenda kosa la jinai: faini isiyozidi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kila lalamiko huamuliwa kwa ushahidi wake, kwa hivyo hakuna anayeweza kukuahidi adhabu nafuu.

Mzazi anayekuta sura ya mwanawe mtandaoni aanze kwa kumwomba msanii aiondoe, na ahifadhi nakala ya ujumbe wake. Asiposikizwa, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data kwa mdomo au kwa maandishi. Lalamiko hilo linapaswa kuchunguzwa na kukamilishwa ndani ya siku 90.