Setelaiti haikimbii: dhana potofu kuhusu kusikiliza QO-100 ukiwa Mwanza

Kijana anayeanza kusikiliza redio ya ridhaa (ya watu wanaowasiliana kwa kupenda, si kwa biashara) kutoka angani hapa Mwanza hukutana na tatizo lile lile. Asubuhi kampata mtu anaongea, anaeleweka vizuri. Jua likipanda, yule mtu anaanza kulia kama bata, na baada ya dakika chache hasikiki kabisa. Akiuliza, anapewa majibu ambayo mengi si sahihi na yanamtoa pesa ambayo angeweza kununulia waya mzuri.

Nazungumzia QO-100, mtambo wa redio ya ridhaa ulio ndani ya setelaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018. Imekaa juu ya ikweta, karibu nyuzi 26 mashariki. Sisi wa Mwanza tuko karibu nyuzi 33, kwa hiyo iko karibu na utosi wetu. Dishi la kawaida la televisheni linatosha kuisikia.

"Setelaiti ndiyo inahamahama"

Hapana. Setelaiti hii inazunguka sambamba na dunia, na ukiitazama kutoka Kirumba au Igoma imetulia mahali pamoja. Athari ya Dopla, yaani masafa kubadilika kwa sababu ya mwendo, ipo, lakini ni ndogo mno kukuondolea mtu masikioni. Dhana hii imetoka kwa wanaosikiliza kituo cha anga cha ISS, ambacho hupita kwa dakika kumi hivi kisha kinazama. Huko Dopla ni kubwa kweli. Kwenye megahezi 437.800 unaanza kusikiliza kilohezi 10 hivi juu, unamaliza kilohezi 10 chini. Hayo ni mambo ya ISS, usiyalete kwa QO-100.

Kinachohama ni LNB, kile kichwa cha dishi. Sauti za QO-100 hushuka kati ya megahezi 10,489.5 na 10,490. LNB inapunguza 9,750 kwenye hesabu hiyo, na kinachopita kwenye waya ni kama megahezi 739.5 tu. Hiyo 9,750 inatoka wapi? Katika LNB nyingi za PLL, zile zinazoshikilia masafa yake kwa kristali, kuna kristali ndogo ya megahezi 25, na mlio wake unazidishwa mara 390. Kristali ikiteleza hezi 10 tu, masafa yako yameteleza hezi 3,900. Sauti ya SSB, namna ya kurusha sauti inayotumika humo, ina upana wa hezi 2,700 hivi. Basi mtu wako hajanyamaza, ameshatoka nje ya dirisha lako.

Na kristali hiyo iko wapi? Juu ya paa, katikati ya jua. Mchana wa Mwanza jua linachoma, wingu linapita, upepo wa ziwa unapuliza, jua linarudi. Kila badiliko la joto ni badiliko la masafa. Nimekaa mbele ya skrini nikaona mstari wa bikoni (mlio wa alama unaotumwa na setelaiti muda wote) ukipinda wakati kivuli cha wingu kinafika kwenye paa, kisha ukanyooka baada ya muda. Ukishaona hivyo kwa macho yako hutailaumu tena setelaiti.

"Nunua kifaa cha SDR cha bei kubwa, kuteleza kutaisha"

SDR ni kipokezi cha redio kinachofanya kazi na kompyuta. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, na inaniuma kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Kosa la sehemu moja katika milioni kwenye kifaa kinachosikiliza megahezi 739 ni hezi 739. Kosa hilo hilo kwenye LNB ni hezi 9,750, zaidi ya mara 13. Kifaa chenye kristali iliyokingwa dhidi ya joto ni kizuri, sikikatai, ila hakiwezi kurekebisha kosa lililotokea kabla mawimbi hayajakifikia.

Anza na LNB. Iwe imeandikwa PLL. Zile za zamani za DRO, zisizo na kristali, zinaweza kukosea hata megahezi nzima, ilhali eneo lote tunalolitafuta ni nusu ya megahezi. Iwashe nusu saa kabla ya kusikiliza, na umeme ukikatika ukarudi, hesabu upya hiyo nusu saa. Kisha tumia bikoni. Setelaiti inatuma mojawapo kwenye 10,489.75, na hapo ndipo pa kupimia. Programu ya SDR Console inaweza kuishika bikoni hiyo na kuifuata yenyewe, hivyo LNB ikiteleza, sauti unayosikiliza inabaki palepale. Hilo halikugharimu chochote.

"LNB yenye desibeli 0.1 ndiyo imara zaidi"

Namba hiyo inahusu kelele ambayo LNB yenyewe inaongeza. Haisemi lolote kuhusu uthabiti wa masafa. Dishi kubwa nalo halizuii kuteleza.

"Vertiko ni volti 13, basi"

Volti unazoipa LNB ndizo zinazochagua mawimbi: 13 kwa vertiko (ya wima), 18 kwa ya ulalo. Mtandaoni utaambiwa mawimbi ya sauti ya QO-100 ni ya vertiko, uipe LNB volti 13, uizungushe kidogo. Waliyoandika ni ya Ulaya na kwao ni kweli. Vertiko ya setelaiti hii ni mstari wa kaskazini na kusini. Mtu wa Ulaya anatazama kusini, mistari miwili inakaribiana. Sisi tunatazama magharibi, tukivuta kaskazini kidogo, karibu nyuzi 290 za dira, na dishi limeinuka nyuzi 81 hivi. Kwa hiyo mstari wa setelaiti umelala nyuzi 70 kutoka vertiko ya LNB iliyofungwa wima.

Ukiacha LNB wima na volti 13, unapata kama sehemu moja tu ya nane au tisa ya nguvu iliyopo. Badilisha uweke volti 18 bila kugusa kitu, na unapata karibu yote. Kisha izungushe nyuzi kama 20 polepole, ukiangalia bikoni, mpaka ipande juu ya kelele kuliko pengine popote. Nimewaona watu wakishusha dishi zima wakidhani limekosea uelekeo, kumbe ni volti tu.

Na volti hizo zitoke kwenye chanzo chake. Umeme wa volti 4.5 unaotolewa na baadhi ya vifaa vya SDR vya USB hautoshi LNB ya kawaida, na volti 18 zikirudi kwenye kifaa hicho zinaweza kukiua. Weka kizuizi cha umeme wa DC katikati.

"Mvua ikikata, mtambo umeharibika"

Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya masafa haya, subiri ipite. Ila kwa dishi la mviringo lenye LNB katikati, angalia jambo moja: likitazama juu hivi linageuka beseni. Toboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa maji yatoke.