Historia Simulizi na Namna Inavyohifadhiwa Maktabani

Historia simulizi ni kumbukumbu ya mambo ambayo mtu aliyaona au kuyatenda mwenyewe, iliyorekodiwa katika mahojiano yaliyoandaliwa na kutunzwa ili wengine waisikilize baadaye. Hapo ndipo inapotofautiana na mapokeo simulizi, yaani habari zilizorithishwa kizazi hadi kizazi. Mzee wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, anayeeleza utoto wake pembezoni mwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, anatoa historia simulizi. Akigeukia aliyosikia kwa babu yake kuhusu Vita vya Maji Maji, anatoa mapokeo. Katika kikao kimoja mawili hayo huchanganyika, na ndiyo maana mwanafunzi aliyefundishwa vizuri huuliza kwa upole: "Hilo uliliona mwenyewe, babu, au ulisimuliwa?"

Sauti iliyomo ndani ya simu bado haijahifadhiwa. Huhesabiwa kuwa imehifadhiwa pale ambapo mtu asiyemjua mhojaji wala msimuliaji anaweza kuipata maktabani, kuielewa na kuitumia kwa haki, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huangukia mikononi mwa wanafunzi.

Kazi nzito kuliko zote ni unukuzi, yaani kuyaandika maneno yaliyorekodiwa. Saa moja ya mazungumzo huweza kumaliza saa tano au zaidi za kuandika, hasa msimuliaji wa Newala anapoanza kwa Kiswahili kisha, simulizi likimgusa, akahamia Kimakonde bila kujitambua. Mwanafunzi huvaa visikilizio, hurudisha sekunde kumi zilezile mara nne, kwa kuwa mvua iliyopiga bati siku ile ilimeza neno moja, na neno lenyewe ni jina la kijiji. Asipolipata kwa hakika huandika kwamba halisikiki, wala halibuni. Ukimya mrefu nao huandikwa, maana mzee aliyenyamaza alipoulizwa juu ya nduguye amesema jambo.

Kisha huja maelezo ya faili: nani alihojiwa, wapi, lini, kwa lugha gani. Mahali panahitaji uangalifu wa pekee huku kusini, kwa sababu watu wengi walihamishwa katika miaka ya 1970 wakati wa vijiji vya ujamaa, hivyo jina la kijiji cha zamani na la kile cha sasa yote mawili huandikwa.

Ridhaa ya msimuliaji haina mbadala. Mama anayesimulia ugomvi wa shamba la mikorosho na kumtaja jirani aliye hai ana haki ya kuomba sehemu hiyo ifungwe kwa miaka kadhaa, na maktaba hulazimika kuitii fomu aliyoitia saini. Nakala za sauti hutunzwa zaidi ya moja, na mojawapo huwekwa jengo jingine.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907, wakiwakuta wazee waliokuwa hai vita vilipopiganwa. Leo wazee hao hawaulizwi tena swali la pili. Kilichobaki ni kile ambacho vijana wale walikiandika. Aliyekuwa na miaka kumi mradi wa karanga ulipoanza sasa anakaribia miaka tisini.